Ethiopia kwa barabara: Yanayobaki nje ya picha

Ni nchi chache duniani ambazo watu wengi huamini wanazijua, ilhali hawajawahi kuzikanyaga, kama ilivyo Ethiopia. Anayetajiwa jina hilo hukumbuka picha mbili au tatu: mtoto aliyekondeshwa na njaa, mwanamke aliyevaa kisahani cha udongo mdomoni, kanisa lililochongwa ndani ya mwamba. Picha zote hizo ni za kweli. Hata hivyo, anayeipita nchi hiyo kwa gari, kutoka Moyale hadi nyanda za chumvi za Danakil, kamera ikiwa begani, hugundua mapema kwamba kati ya picha moja na nyingine kuna mamia ya kilomita ambazo hakuna anayejishughulisha kuzipiga, na kwamba aghalabu jambo lenye uzito zaidi limesimama hatua moja kando ya kile kilichonaswa.

Watunzi wa vijitabu vya utalii huiita nchi ya mikinzano. Sifa hiyo imechakaa kwa kupewa karibu kila taifa lenye mlima na jangwa, lakini kwa Ethiopia angaa inaweza kupimwa kwa mita. Kilele cha Ras Dashen kaskazini kina urefu wa zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari. Dallol, katika bonde la Danakil, iko zaidi ya mita 100 chini ya usawa huo huo. Katikati ya ncha hizo mbili wanaishi watu zaidi ya milioni 100, idadi inayozidiwa barani Afrika na Nigeria pekee, wakizungumza lugha zaidi ya 80. Ukristo ulifika huko katika karne ya nne, na Uislamu ulipata hifadhi huko tangu siku zake za mwanzo. Ndege hutoka Nairobi hadi Addis Ababa kwa muda wa takriban saa mbili na kuyaficha haya yote chini ya mawingu. Barabara huchukua siku kadhaa.

Kwa Mkenya, safari hiyo si ya kutisha kama ilivyokuwa kwa waliotangulia. Barabara ya kutoka Isiolo hadi Moyale, yenye urefu wa kilomita zipatazo 500, ilikuwa kwa miaka mingi njia ya mawe, vumbi na majambazi, ambapo malori yalisafiri kwa misafara na abiria walikaa juu ya shehena. Kazi ya kuitia lami ilikamilika katika muongo wa 2010. Mnamo Desemba 2020 Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta na Waziri Mkuu Abiy Ahmed walizindua kituo cha pamoja cha mpakani mjini Moyale. Raia wa Kenya hahitaji visa kuingia Ethiopia. Mwenye gari lake anahitaji bima ya kadi ya njano ya COMESA na hati za forodha za kuliingiza gari kwa muda, na ni busara kuulizia masharti kabla ya kufunga safari kwa kuwa hubadilika. Akishavuka tu, dereva sharti ahamie upande wa kulia wa barabara, jambo ambalo huwatatiza zaidi wale waliozoea kuendesha bila kufikiri.

Lipo moja ambalo halimtatizi mzungumzaji wa Kiswahili hata kidogo. Waethiopia huhesabu saa kuanzia macheo, sawasawa na Waswahili: saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi, na mabasi ya masafa marefu huondoka saa kumi na moja alfajiri bila mtu kulazimika kuongeza wala kupunguza saa sita. Watalii kutoka Ulaya hukosa mabasi kwa sababu hii. Mkenya aliyezoea kusoma saa kwa Kiingereza na kuitamka kwa Kiswahili yuko nyumbani. Kalenda ndiyo itakayomshinda. Ina miezi 13, kumi na miwili ya siku 30 na wa mwisho wa siku tano au sita, na iko nyuma kwa miaka saba au minane. Taifa hilo lilisherehekea kuingia mwaka 2000 mnamo Septemba 12, 2007.

Kutoka Moyale barabara kuu ya kwenda Addis Ababa, takriban kilomita 770, hupita kwanza katika nchi ya Waborana, jamii ile ile inayopatikana Marsabit na Isiolo. Hapa mgeni bado hajaona mpaka, ila alama za barabarani zilizoandikwa kwa herufi za Kigeezi. Karibu na mji wa Mega kuna El Sod, shimo kubwa lililoachwa na volkeno, ambalo chini yake kuna ziwa jeusi la chumvi. Wanaume huteremka kwa miguu, huingia majini na kuopoa tope la chumvi, kisha punda hulipandisha hadi juu. Kutoka ukingoni watu hao huonekana kama punje za pilipili manga, na hiyo ndiyo picha ambayo wengi huridhika nayo. Anayeteremka hadi chini na kurudi kwa miguu yake hupata picha nyingine na heshima nyingine kwa chumvi.

Bei ya uso

Baada ya Yabelo njia hugawanyika, na anayeelekea magharibi hupita Konso, kwenye matuta ya mawe yaliyojengwa kwa vizazi vingi, hadi bonde la chini la Mto Omo. Hapa ndipo suala la kupiga picha huacha kuwa la mwangaza na lenzi, likawa la pesa na utu.

Jamii za bonde hilo, zikiwemo Wahamar, Wakaro, Wamursi na Wadassanech, ni miongoni mwa watu waliopigwa picha mno barani Afrika. Kwa miaka mingi desturi imekuwa kulipia kila picha kwa kila mtu anayeonekana ndani yake. Malipo yalianza kwa birr moja au mbili, yakapanda kadiri sarafu ilivyoshuka thamani. Watu wa huko walijifunza kuhesabu mlio wa kamera, kwa hiyo mgeni aliyebonyeza mara sita hudaiwa sita, na ubishi huzuka. Magari ya watalii hufika asubuhi, abiria hushuka, hupiga, hulipa na kuondoka baada ya muda mfupi. Hakuna aliyeuliza jina la mwenzake.

Mwanaanthropolojia Mwingereza David Turton, aliyeanza kufanya utafiti miongoni mwa Wamursi mwishoni mwa miaka ya 1960, aliliandikia suala hili makala mwaka 2004. Wamursi hawakuwa wanasesere katika biashara hiyo. Walitambua kwamba wageni wanataka kitu cha ajabu, nao wakawapa: vikapu na pembe za ng'ombe vichwani, michoro ya rangi mwilini, mapambo yaliyobuniwa kwa ajili ya kamera na ambayo hayavaliwi magari yakishaondoka. Mtalii hurudi kwao akiamini amenasa mila ya kale, kumbe amenasa kazi ya mchana. Kisahani cha mdomoni ni desturi ya kweli, tena yenye heshima yake. Wakati na namna ya kukivaa mbele ya wageni ndivyo vilivyogeuzwa na soko.

Ni rahisi kulaumu upande mmoja. Wapo wanaosema malipo yameharibu watu wa Omo, na aghalabu wasemaji ni wapiga picha ambao picha zao huuzwa kwa fedha nyingi London na Paris. Mwanamitindo anayelipwa jijini Nairobi haambiwi ameharibika. Tatizo haliko katika malipo bali katika kasi: mkataba wa dakika moja, usio na lugha ya pamoja, ambao kila upande unashuku kwamba umepunjwa. Wasafiri wenye subira hukaa siku mbili tatu Turmi au Key Afer, hupatana na mkalimani wa jamii yenyewe, hukubaliana malipo mapema kwa ajili ya kijiji kizima au familia, na huanza kwa kuketi. Siku za soko, kama vile Jumatatu Turmi, Alhamisi Key Afer na Jumamosi Dimeka, watu huja kwa shughuli zao wenyewe, na mgeni huwa ni mmoja tu katika umati. Bado sharti aombe ruhusa. Lakini anayeuza siagi ana mteja wa kumhudumia na hana muda wa kujipamba kwa ajili ya mgeni.

Kisha kuna mto wenyewe, ambao huonekana nyuma ya picha nyingi za Wakaro zinazopigwa katika kijiji cha Korcho, kwenye jabali linalotazama Omo ukizunguka chini. Ni mandhari ya kuvutia. Ila maji hayo hayapandi na kushuka tena kwa amri ya mvua pekee. Bwawa la Gibe III, lenye ukuta wa mita 243 na uwezo wa kuzalisha megawati 1,870, lilizinduliwa Desemba 2016, na kwa hilo mafuriko ya kila mwaka yakadhibitiwa. Mafuriko hayo ndiyo yaliyorutubisha kingo ambako jamii za bonde zilipanda mtama maji yalipopungua. Serikali, kwa upande wake, ilipima mashamba makubwa ya miwa na kuhimiza wafugaji kuhamia vijiji vya kudumu. Hakuna lolote kati ya haya linaloonekana katika picha ya kijana aliyejipaka chokaa nyeupe akiwa na bunduki begani.

Mkenya ana sababu ya kutazama mto huo kwa jicho la karibu zaidi. Omo huleta karibu asilimia 90 ya maji ya Ziwa Turkana. Mwaka 2018 UNESCO iliorodhesha mbuga za ziwa hilo miongoni mwa turathi zilizo hatarini, bwawa hilo likitajwa kuwa sababu. Mvua kubwa za miaka iliyofuata ziliinua maji ya ziwa na kuwafurusha wakazi wa ufuo, kinyume cha ilivyohofiwa, lakini jinsi mto unavyotiririka imebadilika. Wakati huo huo, tangu Novemba 2022 Kenya imekuwa ikinunua umeme kutoka gridi ya Ethiopia, ambayo Gibe III ni mojawapo ya vyanzo vyake vikubwa, kupitia nyaya zinazosafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Wolaita Sodo hadi Suswa. Msafiri wa Nairobi aliyechaji betri za kamera kabla ya kuondoka huenda alitumia maji ya mto anaokwenda kuupiga picha.

Addis Ababa na Harar

Addis Ababa haihitaji maneno mengi. Ni jiji la majengo marefu, treni ya umeme na barabara pana zilizopanuliwa kwa kubomoa mitaa ya zamani, lililoko juu kuliko Nairobi kwa zaidi ya mita 500, kiasi kwamba mgeni huhema kwenye ngazi. Mifupa ya Lucy, iliyogunduliwa Hadar mwaka 1974 na inayokadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 3.2, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa. Ni hapa pia msafiri anapopaswa kukumbushwa kwamba kupiga picha askari, madaraja, mabwawa, viwanja vya ndege na majengo ya serikali kunaweza kumfikisha kituo cha polisi, na kwamba ndege ndogo za kamera zisizo na rubani huzuiliwa na maafisa wa forodha ikiwa mwenyewe hana kibali.

Upande wa mashariki uko Harar, mji wa kale wa Waislamu uliozungushiwa ukuta, wenye misikiti 82 na vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa kugeuka ubavu. Usiku fisi hulishwa nyama kwa mkono nje ya malango, na watalii hulipia kuona. Mshairi Mfaransa Arthur Rimbaud aliishi humo katika miaka ya 1880, akiwa ameacha ushairi na kuwa karani wa biashara ya kahawa na ngozi. Aliagiza kamera kutoka Ufaransa, na mwaka 1883 akawatumia jamaa zake picha, zikiwemo zake mwenyewe. Katika barua alilalamika kwamba zilikuwa zimefifia na kuwa nyeupe kwa sababu ya maji mabaya aliyotumia kuziosha. Kwa hiyo hata katika picha za mwanzo za Harar zilizosalia, maji ya Harar yenyewe yamo.

Njia ya kaskazini

Kaskazini mwa jiji kuu, mambo ni mazito zaidi. Vita vya Tigray vilivyoanza Novemba 2020 vilisimamishwa kwa mkataba uliotiwa saini Pretoria Novemba 2, 2022, na baadaye mwezi huo makamanda wa pande zote mbili wakakutana Nairobi kuafikiana namna ya kuutekeleza. Mwaka 2023 mapigano mengine yalizuka katika jimbo la Amhara kati ya jeshi la serikali na wanamgambo wa Fano. Lalibela ilibadilisha mikono zaidi ya mara moja mwaka 2021. Barabara iliyo salama wiki hii huenda ikafungwa wiki ijayo, na hakuna kitabu cha mwongozo kinachoweza kuchukua nafasi ya kuuliza madereva wa malori asubuhi ya kuondoka.

Anayefika Lalibela hukuta makanisa 11 yaliyochongwa katika mwamba mwekundu, kazi inayohusishwa na mfalme Lalibela wa karne za 12 na 13. Picha maarufu ni ya kanisa la Mtakatifu George, lenye umbo la msalaba, likitazamwa kutoka juu. Sababu moja ya umaarufu huo haielezwi sana. Mnamo 2007 na 2008 makanisa kadhaa yalijengewa mapaa makubwa juu ya nguzo za chuma ili kuyakinga na mvua iliyokuwa ikiyala. Mapaa hayo yanachusha macho, na wenyeji wamekuwa wakilalamika kwamba uzito wake unatishia miamba. Kanisa la Mtakatifu George halikuezekwa. Kamera huelekezwa huko, na dunia ikaamini kwamba Lalibela yote iko wazi mbele ya anga. Ndani, mafrasi huinama kusoma kwa mwanga wa mshumaa. Taa ya kamera huwasumbua waumini na kudhuru michoro ya kale, na wasafiri waungwana huizima.

Barabara kuu iendayo Mekele hukwea kutoka Alamata kwa kona kali hadi mji mdogo wa Korem. Wageni wengi hupita bila kusimama. Eneo hilo, ambalo Tigray na Amhara wanalizozania, ni nyanda za juu zenye ubaridi, na baada ya mvua huwa kijani kibichi cha mashamba ya shayiri. Hapo ndipo mpiga picha kutoka Nairobi, Mohamed Amin, alipofika Oktoba 1984 pamoja na mwanahabari Michael Buerk na kukuta maelfu ya watu waliodhoofika kwa njaa wakisubiri chakula katika baridi ya alfajiri. Filamu yake ilionyeshwa na BBC Oktoba 23, 1984, ikarushwa na mamia ya vituo duniani. Michango ikamiminika, na Julai 13, 1985 tamasha la Live Aid likafanyika London na Philadelphia.

Hakuna Mkenya mwingine ambaye picha zake zimegeuza mambo kwa kiasi hicho. Ziliokoa maisha ya watu wengi, na hilo halina ubishi. Zilifanya pia jambo jingine ambalo mpiga picha hakulikusudia: ziliionyesha njaa kama tukio la mbinguni, mvua iliyokosekana, na kuacha nje vita ambavyo serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa ikipigana na waasi wa Tigray na Eritrea katika maeneo hayo hayo, pamoja na mbinu zake za kuzuia chakula na kuhamisha watu kwa nguvu. Mamia ya maelfu walikufa. Kamera ilionyesha waliokuwa mbele yake. Amin mwenyewe aliendelea kurudi Ethiopia. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, na Novemba 23, 1996 akafariki katika ndege ya shirika la Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na Comoro. Kijana wa Korem aliyezaliwa baada ya hapo ameishi kuulizwa na wageni kuhusu njaa ambayo hakuiona, huku vita alivyoviona mwenyewe kuanzia 2020 vikipigwa mawasiliano yakiwa yamekatwa na wanahabari wakiwa wamezuiwa, hivyo vikikosa karibu picha yoyote.

Kutoka Mekele, uliopo zaidi ya mita 2,000 juu, barabara huteremka hadi Danakil kwa muda wa saa chache, na joto hupanda kila kona. Ardhi huwa ya manjano, kijani na kutu kwenye chemchemi za asidi za Dallol. Usalama hapa umewahi kuvunjika, kwani Januari 2012 watalii watano waliuawa karibu na volkeno ya Erta Ale, na tangu hapo wageni huenda kwa misafara wakisindikizwa na walinzi. Ardhi nayo haijatulia: Novemba 2025 volkeno ya Hayli Gubbi, ambayo haikuwa na kumbukumbu ya kulipuka, ilirusha majivu yaliyovuka Bahari ya Shamu.

Kwenye uwanda wa chumvi wanaume hung'oa mabamba kwa miti mirefu, wengine huyachonga yawe matofali sawa, na ngamia hufungwa mzigo. Matofali kama hayo yalitumika kuwa sarafu nchini humo hadi karne ya 20. Msururu wa ngamia dhidi ya machweo ndio picha ambayo wageni wengi hufunga safari yote kuja kuitafuta. Siku hizi barabara ya lami imelifikia bonde hilo, na malori hubeba sehemu kubwa ya chumvi kwa saa chache, safari ambayo ngamia walikwenda kwa siku kadhaa. Wapiga picha huegesha magari yao nyuma ya lori, hutembea hadi ng'ambo ili lisionekane, na husubiri ngamia wapite. Dereva wa lori, aghalabu mtoto wa mwenye ngamia, huketi kivulini chini ya tela akinywa kahawa ya tatu, ile iitwayo bereka, akiwatazama.